Shemeji Amepumzika

Jumanne, 4 Juni

Kiti changu kimechukuliwa tena. Mara ya tatu ndani ya wiki mbili. Nilikwenda kujaza chupa ya maji, kurudi nakuta amekaa binti aliyeajiriwa jana. Nikamwonyesha kitambulisho changu, namba 004, ili ajue anazungumza na nani. Akauliza kwa adabu kama hiyo ndiyo namba ya kiti. Nikaenda kufanyia kazi kwenye ngazi.

Iandikwe hapa, maana kwingine haiandikwi: tulipoanza tulikuwa wanne. Mwanzilishi, dada yake, Fundi Mizani na mimi. Chumba kimoja nyuma ya saluni, mitungi kumi na minane ya gesi ya kupikia, simu mbili. Mtu anaagiza gesi kwa simu, sisi tunampelekea mlangoni. Leo, baada ya miaka mitatu, tuko mia mbili na kumi na wawili, ghorofa tatu, matawi sita. Kila wiki wanaingia wapya, na kila anayeingia ni Mkuu wa kitu fulani. Kuna Mkuu wa Ukuaji. Kuna Mkuu wa Furaha ya Mteja. Mimi, namba nne, ni Afisa wa Matangazo ya Ndani. Chini yangu hayupo hata mmoja.

Halafu hakuna kuta. Tunakaa kwenye meza ndefu kama watahiniwa, ukipiga chafya watu arobaini wanakuombea afya. Chumba chenye mlango ni kimoja tu jengo zima: chumba cha mizani, ghorofa ya chini, dirisha moja, kitasa cha shaba. Humo anakaa Fundi Mizani. Anapima kila mtungi unaotoka kujazwa na kunusa kila valvu kabla haujapakiwa garini. Fundi Mizani ni shemeji yangu, amemwoa dada yangu mkubwa. Ndiye aliyeniingiza kazini.

Sina ubaya naye. Nataka mlango tu.

Mchana nikamfuata Mkuu wa Watu, mama mtaratibu aliyekuja mwaka huu kutoka benki, ambaye anaajiri na kuachisha. Nikamwambia, kama mtu wa familia, kwamba shemeji amechoka. Mgongo unamsumbua. Anastahili kupumzika. Hesabu yangu ilikuwa hii: apewe likizo ya mwezi, mimi nihamie humo kwa muda, akirudi akute nimeshazoeleka. Mkuu wa Watu akauliza kama ninazungumza kwa niaba ya familia. Nikasema ndiyo. Akaandika, akanishukuru kwa kuwa muwazi.

Jumatano, 5 Juni

Nilitaka likizo, imetoka barua.

Mkuu wa Watu ameniita saa nne asubuhi. Amesema kwa muda mrefu wamekuwa wakiziangalia nafasi zisizokua. Imenunuliwa mizani mpya inayotuma vipimo yenyewe kwenye simu. Kilichowazuia ni kuona haya tu kumgusa mtu aliyeanza na Mwanzilishi. Sasa familia yenyewe imeshaomba apumzike, jambo limekuwa jepesi. Barua ameshapewa. Kwenye kundi la wafanyakazi ameshatolewa, kwa mujibu wa utaratibu. Mimi niandike tangazo, maneno yawe ya heshima.

Nikataka kusema. Kabla sijasema, shemeji akapita na mfuko wake na chupa ya chai kwapani. Akanigusa bega, akasema tutaonana nyumbani. Hakuonyesha kujua lolote. Nikamwangalia mpaka akatoka getini.

Basi nikajisemea, kama limeshatokea, angalau niliandike vizuri. Damu ni damu. "Ameachishwa kazi" ni neno kali, limekaa kama kofi. "Amestaafu" ni uongo, ana miaka hamsini na sita. "Ameondoka" linaonyesha kama alikasirika. Nilifikiri nusu saa nzima, kumbe neno nilikuwa nalo tangu jana. Hata mchezaji akitolewa uwanjani husemwa amepumzishwa. Nikaandika hivi:

"Kwa moyo mzito tunawatangazia kwamba mwenzetu mpendwa, Fundi Mizani, mfanyakazi namba tatu, amepumzika leo asubuhi baada ya kutumikia kwa uaminifu. Ametuachia pengo lisilozibika. Familia inawashukuru wote waliokuwa naye bega kwa bega."

Picha niliyokuwa nayo ni moja tu, ya kitambulisho, imepauka. Nikaifanya nyeusi na nyeupe ili kasoro zisionekane. Fremu nayo nikaweka nyeusi, iendane. Saa tisa alasiri nikatuma kwenye kundi la wafanyakazi, kwa matawi yote sita. Sijawahi kuandika kitu kizuri namna hii. Nikazima simu, nikaondoka mapema.

Alhamisi, 6 Juni

Nilipowasha simu asubuhi nilikuta ujumbe mia moja na kumi na nane. Nikajua tangazo limependwa. Wa kwanza: poleni sana. Nikajibu asanteni. Wa pili: hatuna la kusema. Nikajibu ndiyo dunia. Wa tatu: Mungu amlaze mahali pema. Hapo nikasimama.

Nikakaa kwenye ngazi nikalisoma tangazo langu upya, polepole, kama mtu asiyenijua.

Zamani, nyuma ya saluni, hili lisingetokea. Wote wanne tulijuana, mtu akisema fulani amepumzika unageuka tu unamwona amekaa juu ya mtungi anakunywa chai. Sasa tuko mia mbili na kitu, nusu yao hawajawahi kushuka ghorofa ya chini. Unamwambia nani?

Nikaenda kwa Mwanzilishi niseme kweli. Nina ushahidi kwamba nilikwenda, Mkuu wa Ukuaji aliniona. Mwanzilishi alikuwa amesimama nyuma ya nguzo na Mkuu wa Watu, maana pa kujificha hapana, na wote wawili macho mekundu. Akanishika mikono. Akasema kwa sauti ya chini kwamba barua alipewa saa nne na saa tisa mtu hayupo. Akasema tumemuua kwa karatasi. Mkuu wa Watu akafunika uso.

Nikafungua mdomo. Mwanzilishi akaniwahi. Akasema mimi ni mfiwa na ni mfanyakazi, mzigo wangu ni wa mara mbili, na hamwoni mwingine wa kuongoza jambo hili. Kuanzia leo mimi ni Mwenyekiti wa Kamati ya Msiba, na kila idara itanisikiliza.

Miaka mitatu nimefanya kazi hapa, sijawahi kuitwa mwenyekiti. Mdomo ulijifunga wenyewe. Nikajiambia kweli si samaki, haiozi kwa siku moja. Kesho nitasema.

Ijumaa, 7 Juni

Sikusema.

Kamati imekaa saa tatu. Mkuu wa Ukuaji, ambaye tangu aje hajawahi kujibu salamu yangu, amesimama kunipisha kiti. Wakauliza mazishi lini. Nikasema familia bado inakaa. Si uongo, familia ilikuwa imekaa kwa kweli, tena kwenye benchi mbele ya nyumba. Saa sita kamili kila ghorofa ikasimama dakika moja. Simu za wateja zililia bila kupokelewa. Binti wa kiti changu alikuwa akibubujikwa na machozi, na mtu mwenyewe hajamwona hata mara moja.

Nikajisikia vibaya, nakiri. Nikajisikia vibaya zaidi Mwanzilishi alipotangaza kwamba chumba cha mizani kifungwe. Asiingie mtu. Koti la Fundi libaki kwenye msumari kama alivyoliacha. Ukutani itundikwe picha yake, ile niliyoifanya nyeusi na nyeupe mimi. Ufunguo akautia mfukoni mwake. Kufa kufaana, wanasema, lakini sijaona nilichofaidi.

Mchana akapiga dada. Akasema wanawake wa tawi la pili wamempigia wakilia, wanampa pole ya mume, na mume huyo huyo yuko mbele yake anakula. Akauliza nimeandika nini. Nikamweleza kwamba ni utata wa lugha. Nikamwomba azipokee tu hizo pole hadi Jumatatu, maana pole haikataliwi, na mimi nitalitengeneza.

Akaniuliza, mdogo wangu, unajua ilivyo kuambiwa na mtu usiyemjua kwamba wewe ni mjane? Akasema bakuli lilimponyoka mkononi, na mumewe amekaa pale pale anamwangalia. Akakata simu. Nilimpigia mara mbili, hakupokea.

Jumamosi, 8 Juni

Kamati ilinitaka nikusanye kumbukumbu za marehemu. Ninaandika marehemu kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye ajenda.

Nilidhani nitapata tatu nne. Nimeandika hadi vidole vikafa ganzi. Dereva mmoja, mtu mzima mwenye sharubu, alisema kuna siku alikuwa na haraka, Fundi akamteremshia mtungi mmoja garini akasema huu unapumua. Akamtukana Fundi, akaondoka bila huo mtungi. Kesho yake akauona umetengwa uani, valvu imepasuka. Siku ile ya matusi alikuwa amempakia mwanawe mbele. Akasema hakurudi kuomba msamaha, alikuwa akingoja siku nzuri. Alilia mbele yangu bila kujificha.

Mama wa usafi alisema jengo zima linamwita mama usafi, Fundi peke yake alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na alikuwa akiuliza habari za masomo ya huyo mtoto. Mlinzi akasema chai ya kwanza kwenye ile chupa ilikuwa yake kila asubuhi. Hata Mkuu wa Furaha ya Mteja alikuwa na la kusema. Alipoanza kazi alipotea akatokea chumba cha mizani, Fundi akamkalisha na kumweleza kampuni inafanya nini, maana juu hakuna aliyemweleza.

Jioni nikajaribu kuhesabu ni nani angenisema mimi, na angesema nini. Nikaona zoezi lenyewe halina faida.

Nilipaswa kusema leo. Lakini utamkatiza vipi mtu mzima analia?

Jumatatu, 10 Juni

Imekwisha.

Mwanzilishi aliamua asubuhi kwamba tunakwenda kuhani, leo hii, haiwezekani siku tano zipite. Nikasema familia inapenda faragha. Akasema yeye pia ni familia. Magari mawili ya kampuni, watu tisa, shada la maua lenye upana wa meza. Mimi nikakaa mbele kama mwenyekiti. Nilimpigia dada ili amtoe shemeji hata kwa jirani, simu ikaita tu.

Shemeji alikuwa uani anatengeneza mguu wa kigoda. Akatuona tunateremka na nguo nyeusi. Akainuka, akajifuta mikono, akauliza kwa upole nani amefariki.

Yule dereva wa sharubu alikaa chini, palepale kwenye vumbi. Mwanzilishi akamwendea shemeji, akamshika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza kama anayepima kitu, kisha akamkumbatia akalia kwa sauti. Waliobaki na shada hawakujua pa kuliweka.

Viti vikaletwa. Shemeji akasema alisikia minong'ono kwa mkewe, akadhani ni mzaha wa watu wachache. Halafu akasema kuna jambo moja tu linamkosesha usingizi. Barua ilisema amepumzishwa kufuatia ombi, naye hakuomba. Akataka kujua aliyeomba.

Mkuu wa Watu ni mtu mkweli, ndiyo kasoro yake. Akasema ilikuwa familia. Akasema alikuja shemeji yake mwenyewe, akaeleza habari za mgongo.

Dada alikuwa ametoka na trei ya chai. Akasimama mlangoni. Akasema asante ya punda ni mateke, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja saa. Shemeji akamwambia awamiminie wageni chai, na mimi nimiminiwe. Nilimiminiwa. Ilikuwa chai nzuri, nikashindwa kuimeza.

Mwanzilishi akamwomba arudi. Shemeji akageuza kigoda chake, akaujaribu mguu. Akasema atarudi Alhamisi, kwa sharti moja, mizani ya zamani irudishwe, kwa sababu hiyo mpya haina pua. Wakacheka wote, na wengine wakaanza kulia upya. Kwenye gari la kurudi nilipewa kiti cha nyuma kabisa, na shada nikalipakata mimi.

Jumanne, 11 Juni

Onyo la maandishi. Uenyekiti umefutwa pamoja na kamati. Mkuu wa Watu ameandika mwenyewe taarifa ya kusahihisha, mistari miwili, mikavu: tangazo la awali lilikuwa na kosa la lugha, Fundi Mizani ni mzima. Tangu leo neno langu halitoki kwa wafanyakazi kabla hajalisoma yeye. Inasemekana tawi la sita bado hawajaamini. Wanasema wakubwa wanaficha.

Alasiri nikapiga moyo konde nikaenda kwa shemeji. Dada alinifungulia, akapita pembeni yangu, akaenda kwa jirani. Shemeji alinikaribisha. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu juu ya neno kupumzika na matumizi yake michezoni. Akaniinulia kiganja. Akasema hana haja nayo, ila ana ombi. Alitolewa kwenye kundi siku ile ile ya barua, kwa hiyo hajaziona salamu walizomwandikia. Macho yake siku hizi hayapendi maandishi madogo. Nimsomee.

Nikamsomea. Mia moja sitini na tatu, pamoja na kumbukumbu za Jumamosi. Alifumba macho, mikono juu ya magoti. Ya mama wa usafi alitaka irudiwe. Ya dereva alitikisa kichwa, akasema yeye alishamsamehe siku ile ile, hakujua kama mwenzake alikuwa bado amebeba hatia hiyo. Karibu na mia akanipa maji, tukaendelea.

Nilipomaliza akauliza, na yako ni ipi?

Nikazipandisha salamu juu, nikazishusha chini. Nikatafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo. Haikuwepo. Nikasema mimi nilikuwa mwenyekiti, nilikuwa na shughuli nyingi. Akasema anaelewa.

Aliponisindikiza nje akasema hana kinyongo juu ya chumba. Lakini kile chumba, akasema, kinaingia meza mbili. Ningemwambia tu. Amekaa humo peke yake tangu tuhame, na mara nyingi amekuwa akijiuliza mbona sishuki.

Nililia njia nzima. Sioni haya kuliandika hili.

Jumatano, 12 Juni

Nimeamka mtu mwingine. Nimeelewa kosa langu liko wapi. Kosa langu si tangazo. Kosa langu ni kwamba katika salamu zote zile, yangu haikuwepo. Deni la namna hii halisubiri.

Nimekaa kwenye ngazi tangu saa mbili, simu magotini. Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Maneno yametoka moyoni moja kwa moja, sikuyachuja. Nikakumbuka agizo la Mkuu wa Watu kwamba asome kwanza. Lakini lile ni la matangazo. Hii ni salamu binafsi, ya shemeji kwa shemeji. Nikaituma kwenye kundi la wote, ili kila mtu aone nimejirekebisha:

"Shemeji, nilichelewa kukuandikia kwa sababu sikuamini. Jana nilikuwa kando yako, umefumba macho, mikono imetulia, ukinisikiliza. Sasa nimekubali. Ulinishika mkono ukaniingiza duniani mwa kazi, nami sikukushukuru ukiwepo. Nisamehe. Leo pumzika, umechoka. Kesho saa mbili asubuhi sote tutakusindikiza mpaka chumbani kwako."

Nimeisoma mara tatu. Sijawahi kuandika kitu kizuri namna hii.

Imewagusa. Yule binti ameisoma mezani, ameinuka akakimbilia chooni. Dereva wa sharubu amevua kofia. Tawi la sita wameuliza mara hii ni kweli, nimewajibu kweli tupu. Dada amepiga mara kumi na moja. Sijapokea, najua ni machozi ya furaha, nitampigia akitulia.